Baada Yangu ni Mdomo

Wafanyabiashara wenzangu walimwita Mkorofi. Wengine walimwita Mzee Bu Xing, kwa sababu hilo ndilo neno la Kichina lililomtoka mara nyingi kuliko salamu: haifai, haiendi. Nami nilicheka nao, nikamwita hivyo hivyo, na kwa miezi kadhaa nilimchukia kuliko walivyomchukia wao. Leo mtu akimtaja kwa majina yale mbele yangu, damu inanichemka. Hapa nitamwita kwa kazi yake tu. Alikuwa Mkaguzi.

Alikagua vyakula vya kufungua na kula vinavyokwenda nje ya nchi: samaki wa makopo, soseji, biskuti, karanga za kukaanga, maharage ndani ya mchuzi wa nyanya. Vitu hivyo havikupanda meli Guangzhou bila karatasi yenye mhuri, na kwa viwanda vya kusini mwa mto, ambako wengi wetu tulinunua, karatasi ilipitia mikononi mwake. Nilimfahamu kwa miaka mitatu, mwishoni mwa miaka ya tisini, wakati sisi Watanzania pale Xiaobei, mtaa wa Guangzhou walikokaa Waafrika, tulikuwa wachache kiasi cha kutambuana kwa kikohozi.

Alikuwa mtu mfupi, mkavu, anayekaribia kustaafu. Alikuja kiwandani kwa baiskeli, na kabla ya kusema neno alivaa vifuniko vya mikono vya pamba nyeupe, kuanzia kiwiko hadi kiganja. Katika begi lake la turubai mlikuwa na kipimajoto, kifungua kopo, sahani mbili nyeupe za bati, na kijiti cha mwanzi chenye kidonge cha chuma kwenye ncha. Kijiti hicho ndicho kilichowanyima watu usingizi. Kopo zima halina hewa ndani. Ukiligonga kifuniko linajibu kwa sauti kali na fupi. Kopo lililoingiza hewa, au lililoanza kuoza, linajibu kama papai bivu. Mkaguzi alipita juu ya safu za makopo akigonga haraka haraka, kichwa amekiinamisha upande mmoja, macho amefumba. Mimi nilisikia kelele moja tu. Yeye alisimama ghafla, akarudi nyuma makopo matatu, akalitoa moja na kuliweka sakafuni.

"Hili limekufa," alisema.

Ndiyo, alisema kwa Kiswahili. Alikuwa amefanya kazi kwetu ujana wake, kwenye reli ya kwenda Zambia, akisimamia vyakula vya kambi za wajenzi, na Kiswahili chake alikipata huko kati ya Mlimba na Makambako. Kilikuwa kimepungukiwa viungo lakini hakikupungukiwa chumvi. Namwandika hapa kwa lugha iliyonyooka kidogo kuliko alivyoongea, kwa sababu sitaki mtu amcheke. Alichekwa vya kutosha.

Siku ya kwanza kukutana naye mimi nilikuwa na hatia, ingawa wakati ule nilijiona mjanja. Nilikuwa nimeagiza biskuti, nikamwomba mwenye kiwanda asipige tarehe kwenye pakiti. Sote tulifanya hivyo. Safari ya meli ni ndefu, mzigo unalala bandarini, na mteja wa Makambako akiona biskuti ina miezi mitano anataka apunguziwe. Kwa hiyo tulikuwa na mihuri yetu ya mpira huko nyumbani. Tunapiga tarehe wenyewe nyuma ya duka, na biskuti inakuwa changa siku ile ile. Hakuna aliyeuita uongo. Tuliita "kusawazisha."

Mkaguzi aliigeuza pakiti huku na huku, akaniita kwa kidole.

"Dada, shikamoo."

Nilishtuka. Alikuwa na umri wa kunizaa. "Marahaba," nikajibu, kwa kukosa la kusema.

"Biskuti hii imezaliwa lini?"

"Itapigwa tarehe ikifika, mzee."

"Ikifika wapi?"

"Nyumbani. Tanzania."

"Aa. Kwa hiyo inazaliwa baharini." Akawageukia wapakiaji, akawatafsiria, wakacheka hadi mmoja akaachia katoni. "Na baba yake nani? Nahodha?"

Mzigo ule haukutoka hadi kila pakiti ilipopigwa tarehe yake ya kweli. Nilirudi chumbani nikiwa nimevimba kwa hasira.

Ile shikamoo yake ilikuwa na historia. Vijana wa kambini walimfundisha kwa utani kwamba ni salamu ya kila mtu kwa kila mtu, naye akawaamkia hadi watoto waliouza mayai. Alipokuja kuambiwa ukweli alikuwa ameshazoea. Nilipojaribu kumrekebisha alisema, "Mwenye mzigo ndiye mkubwa. Mimi nina kijiti tu."

Lazima niseme kwa nini mzigo ulikuwa kila kitu kwangu. Mimi ni wa kwanza kati ya watano. Baba na mama walifuatana ndani ya mwaka mmoja, nikaacha shule kidato cha pili, na tangu siku hiyo wadogo zangu wanne wamekula nilichokileta. Nilianza na vitenge vya Tunduma, nikafika Dubai, nikafika Guangzhou. Atupele, anayenifuata, alishika duka letu dogo karibu na stesheni ya Makambako, na wateja wetu wakubwa walikuwa abiria wa treni: mkate, kopo la samaki, maji, safari. Niliponunua vibaya, walilala njaa wanne. Niliponunua vizuri, Lusajo, kitinda mimba wetu, alirudi shule na viatu. Kwa hiyo mtu akizuia katoni zangu nilimwona anawashika watoto wangu koo.

Mkaguzi alikuwa na taratibu ambazo wenye viwanda waliziona ni matusi. Alipofika hakwenda jikoni. Alikwenda chooni. Alitazama kama mna maji, kama mna sabuni, kama sabuni ni kavu au imetumika. "Nionyeshe choo," alisema, "nitakuambia jikoni pakoje." Kisha alisimama mlangoni wanawake wa kukata samaki wakiingia, akawatazama vidole. Mwenye kidonda alitolewa. Mara moja nilimsikia akibishana na msimamizi hadi yule mwanamke aliyetolewa alipohakikishiwa kwamba atalipwa siku yake. Usipomlipa, aliniambia baadaye, kesho ataficha kidonda.

Katoni za kupima alizichagua mwenyewe, na hakugusa zilizo karibu na mlango. "Hizo ni za wageni." Alitaka ya katikati, safu ya chini kabisa, na wapakiaji walipanga upya lundo zima huku wakimlaani. Makopo aliyoyachukua aliyalaza siku kumi katika chumba cha joto, kuona kama yatavimba. Siku kumi! Tulipiga kelele, meli haimsubiri mtu. Yeye alituangalia kwa utulivu uliotuudhi zaidi.

"Chakula cha kupika," alisema, "kina mkaguzi wa pili. Moto. Mama yako anachemsha, uchafu unakufa. Hiki chenu kinafunguliwa na kuliwa. Baada yangu hakuna moto. Baada yangu ni mdomo."

Nilisikia maneno hayo labda mara ishirini. Mara kumi na tisa niliyasikia kama hotuba ya mzee.

Sitaki kumfanya malaika. Alivuta sigara ndani ya ghala penye maandishi makubwa ya kukataza sigara. Alikuwa mkali kwa wapakiaji wazee waliochoka. Alikataa zawadi zote, hata chungwa, lakini aliniagiza bila haya unga wa dona kutoka nyumbani, na nilipomletea mfuko wa pili bila malipo alinirudishia palepale akanuna wiki nzima. Maisha yake yote aliidhinisha vyakula vya makopo, na nyumbani kwake hakula kopo hata moja. Mgahawani alisuuza kikombe, bakuli na vijiti vya kulia kwa chai ya moto, kama wenyeji wote wa mji ule, ila yeye alisuuza mara tatu, kisha akasuuza na vyangu. Na alikuwa mwoga wa ofisi. Mtu aliyewakaripia wenye viwanda mbele ya wafanyakazi wao, akiitwa na kijana wa ofisini mwenye tai, alishusha mabega na kujibu kwa sauti ya mtoto aliyevunja sahani. Niliona jambo hilo mapema. Sikulitilia maanani.

Sasa nije kwenye samaki.

Mwenye kiwanda, laoban, yaani bosi, ambaye wengi wetu tulinunua kwake, alikuwa mtu wa tabasamu na chai nzuri. Mezani kwake palikuwa na karatasi ya bei yenye safu mbili. Ukiingia tu, kabla ya kuuliza unataka katoni ngapi, aliuliza: "Ulaya au Afrika?" Aliuliza kama mtu anayeuliza sukari kijiko kimoja au viwili. Samaki ni yule yule, nyanya ni ile ile, tofauti ni lebo tu na "uangalizi." Nasi tulijibu. Hilo ndilo linaloniuma. Hakuna hata mmoja wetu aliyesimama akauliza maana ya swali. Tulisema "Afrika, Afrika," tukafurahia punguzo. Rafiki yetu mmoja wa Dar es Salaam, tuliyemwita Injinia kwa sababu hakuna tatizo alilokosa njia ya kulizunguka, alikuwa na msemo wake: "Wabongo matumbo yetu chuma, bwana. Mzungu akila hiki anakufa, sisi tunaomba cha pili." Tulicheka. Mimi nilicheka.

Niliagiza makopo ya samaki wa nyanya ya kutosha kujaza sehemu kubwa ya kontena. Shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa na Atupele alikuwa ameshaahidi wateja. Mkaguzi akaja, akaenda chooni, akatazama vidole, akavuta katoni za katikati. Kisha akaomba daftari la jiko la mvuke, lile linaloandikwa joto na dakika kila makopo yanapopikwa. Alilisoma akaninyooshea.

"Angalia, dada. Wino mmoja. Mkono mmoja. Mstari haukupinda hata mmoja. Hii ni wiki nzima ya kazi, mchana na zamu ya jioni. Nani anaandika wiki nzima bila kuchoka?"

Laoban alitabasamu, akasema karani wake ana mwandiko mzuri.

Ukweli ulitoka kwa wanawake wa kukata samaki: jiko lilikuwa bovu siku nne, mvuke haukufika joto lake, na makopo yakapitishwa hivyo hivyo kwa sababu oda ilikuwa ya Afrika. Mkaguzi aligonga. Safari hii hata mimi nilisikia. Papai, papai, kali, kali, papai. Katika chumba cha joto matatu yalivimba kabla ya siku ya tano. Akaandika juu ya mzigo wote: bu xing.

Laoban aliniita pembeni. Angeniachia makopo yale yale kwa nusu, na karatasi, alisema, inaweza kupatikana kwingine, nisijali. Nilimwambia nitafikiri. Naandika hivyo bila kujitetea: nilifikiri. Siku nzima nilitembea barabara ya Yide Lu kati ya maduka ya midoli na vyakula vikavu, nikijiambia kwamba kwetu watu hununua makopo yaliyobonyea na hawafi, kwamba matatu kati ya maelfu si kitu. Kesho yake asubuhi nilikwenda kwenye ua wa ofisi ya Mkaguzi, kumwomba yeye mwenyewe alegeze, ili nisilazimike kutafuta karatasi ya kwingine.

"Mzee," nikasema, "nina wadogo wanne. Baba hayupo, mama hayupo. Mzigo huu ndio duka. Usipotoka, wadogo zangu watakula nini?"

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaingia ndani, akatoka na makopo manne ya mzigo ule, yale yaliyotoa sauti ya papai, akayapanga juu ya ukuta mfupi wa ua. Akanipa kalamu ya nta aliyotumia kuwekea alama.

"Anayekufuata anaitwa nani?"

"Atupele."

"Andika."

Nilidhani anataka kuandika barua ya kuniombea. Nikaandika jina juu ya kopo.

"Mwingine?"

"Tumpe."

"Andika. Mwingine?"

"Ambokile."

"Mwingine?"

"Lusajo. Ana miaka kumi na mitatu." Na mkono wangu ukasimama juu ya kopo la nne.

"Andika."

"Mzee, hili siandiki."

"Kwa nini? Umesema mzigo uende. Hili limo ndani ya mzigo. Lazima mtu alifungue. Kama si Lusajo, nipe jina la mtoto mwingine."

Niliiweka kalamu juu ya ukuta.

"Huna? Basi unataka ale mtu usiyemjua jina. Ni hilo tu unaloniomba."

Nilimwambia yeye ni katili. Nilimwambia hajui njaa. Aliniacha nimalize, na sura yake ilibadilika kidogo tu niliposema neno njaa, kwa sababu mtu wa umri wake na wa nchi yake alilijua kuliko mimi. Alichukua kitambaa akafuta majina, moja moja, taratibu, kisha akayarudisha makopo ndani. Alipotoka alinipa kipande cha karatasi chenye herufi na tarakimu zilizopigwa kwenye vifuniko vya mzigo ule.

"Weka hii. Kibovu hakitupwi, dada. Kinatafuta mnunuzi."

Nilikataa mzigo. Nilirudi nyumbani na midoli na vifaa vya shule vya Yide Lu, na nilijiona shujaa.

Makopo yale yalichukuliwa na Injinia. Alinipitia Xiaobei kunishukuru, akicheka: "Dada wa Makambako, umenifanyia la maana. Yule mzee anakuchezea akili, na wewe unaingia. Mchina kakuogopesha na kijiti!"

"Makopo mabovu yale," nikasema.

"Machache. Kwani nauza yote kwa mtu mmoja?"

Karatasi ilipatikana. Sijui ilitoka wapi na sitamsingizia mtu. Ninachojua ni kwamba wiki mbili baadaye Mkaguzi hakuonekana tena viwandani. Alihamishiwa ghala la ndala na mabeseni ya plastiki, akahesabu mabeseni hadi siku ya kustaafu. Xiaobei walisherehekea. Mtu aliagiza kuku mzima. "Mkorofi kaenda kugonga ndala!" Nilikuwepo mezani. Sikucheka, lakini nilikula.

Miezi kadhaa baadaye, nikiwa tena Guangzhou, nilimpigia Atupele kutoka kibanda cha simu cha mtaa wa Huanshi Zhonglu. Sauti yake ilikuwa ya furaha.

"Dada, usihangaike na samaki! Nimepata Dar, kwa jumla, rahisi mno. Lebo nyekundu. Zinatoka kama maji."

"Atu, chukua kopo moja. Nisomee kwenye kifuniko."

"Nini tena, dada? Simu inakula."

"Soma!"

Alisoma. Nilikuwa na kipande cha karatasi mkononi, nimekitoa kwenye pochi nilipokuwa na picha za wadogo zangu. Herufi zilikuwa zile zile, tarakimu zile zile, hadi ya mwisho.

"Mmekula?"

"Mimi hapana. Lusajo kala juzi, na mkate. Tangu jana anatapika, tumesema malaria..."

Lusajo alilazwa siku sita katika hospitali ya misheni. Nesi alimwambia Atupele kwamba angechelewa hata kidogo, wangekuwa wanazungumza habari nyingine. Nilikaa Guangzhou siku zile sita kwa kuwa tiketi yangu haikubadilishika, nikienda kibanda cha simu asubuhi na jioni, na kila nilipopita mlangoni kwa laoban yule niliona malori yanapakia. Mdogo wangu alipona. Atupele alifukia katoni zilizobaki nyuma ya nyumba. Katoni mbili zilikuwa zimeshauzwa. Kwa nani? Kwa abiria. Walishuka, wakanunua, wakapanda treni, wakaenda. Hakuna anayejua walifungulia wapi.

Nilimwona Mkaguzi mara ya mwisho mwaka uliofuata, baada ya yeye kustaafu. Aliishi ghorofa ya nne katika jengo la zamani nyuma ya Yide Lu, chumba kimoja na jiko la kwenye varanda. Nilipanda ngazi nikiwa na unga wa dona na maneno niliyoyaandaa tangu Dar. Nilikwenda kumshukuru. Nilitaka ajue kwamba karatasi yake ilimwokoa mdogo wangu, kwamba bila namba ile tungeendelea kumtibu malaria. Nilitaka, nadhani, anisamehe yale niliyomwambia uani.

Alinikaribisha, akanimiminia chai, akasikiliza yote. Nilipofika mwisho, nililia. Aliniacha nilie.

"Mdogo wako amepona," alisema. "Vizuri. Na katoni mbili?"

"Abiria, mzee. Siwajui."

"Na kontena lingine lote?"

"Lilikuwa la Injinia. Aliuza kwa jumla."

"Ulipojua amelichukua, ulimwambia nini?"

"Alijua ni mabovu. Nilimwambia."

"Wanunuzi wake uliwaambia?"

"Hapana."

"Namba ulikuwa nayo."

"Nilikuwa nayo."

"Sasa ile karatasi nilikupa uifanye nini, dada? Ufungie maandazi?"

Hasira ilinipanda hadi machoni. Nilikuwa nimepanda ghorofa nne kuja kumshukuru mtu, naye ananihukumu. "Na wewe, mzee?" nikasema. "Wewe ndiye ulikuwa na mhuri. Wewe ndiye ulisikia makopo. Walipolitoa kontena ukiwa unatazama, ulipiga kelele wapi? Mimi ni mgeni, sina shule, sijui kusoma hata bango la mtaani kwenu. Wewe je?"

Chini barabarani mtu alikuwa akishusha mabati.

"Niliandika barua mbili," alisema. "Kabla ya ya tatu waliniita. Wakaniambia binti yangu ameomba nafasi ya kazi, jina lake liko mezani. Wakaniuliza kama barua ya tatu iko tayari." Alitazama mikono yake. "Nikasema hakuna barua ya tatu."

Sikumwambia pole. Nilikuwa na hasira naye, na ninayo bado, na haipunguzi heshima yangu kwake hata chembe. Alikuwa mtu mmoja mwenye kijiti, na mji mzima, wao na sisi, ulikuwa umekubaliana kwamba kuna matumbo ya safu ya kwanza na matumbo ya safu ya pili. Alikataa kwa miaka, kisha siku moja wakamshika pale mzazi anaposhikwa. Kama mimi nilivyotaka kumshika, pale uani, kwa majina ya wadogo zangu.

"Yule mwenzako," akauliza, "bado ananunua?"

"Ananunua. Ameingia kwenye soseji sasa. Kiwanda kile kile. Amepata watu wanne wa kuchangia kontena."

"Wanajua?"

"Hawajui."

"Wanapakia lini?"

"Kesho asubuhi."

Alinitazama, kisha akatazama chai niliyokuwa nimeishika kwa mikono miwili, na uso wake ukawa ule wa kiwandani.

"Na wewe umekaa kwangu unafanya nini?"

Nilishuka ngazi bila kumuaga. Mchana ule, katika mgahawa wa Huanshi Zhonglu, Injinia alikuwa mezani na wenzake wanne. Walinivutia kiti. Nilibaki nimesimama, nikawaambia kila kitu, mbele yake. Wawili waliondoa mizigo yao siku hiyo hiyo. Wawili walisema nina wivu wa biashara, wakapakia.